Jenereta na Kompresa ya Upepo ya Kujitengenezea kwa Ajili ya Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtambo unaozungumziwa hapa ni upi hasa?

Ni injini moja ndogo ya petroli iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma, ambayo kwa mkanda huzungusha alteneta ya gari upande mmoja na kompresa ya upepo upande wa pili. Alteneta huchaji betri ya volti 12, na betri ndiyo inayowasha taa, friji ndogo ya gari, redio na simu. Kompresa hujaza tangi dogo, na kutoka hapo upepo huenda kwenye matairi kwa mpira. Bila betri, mtambo mzima huwa na uzito wa kilo 45 hadi 50, kwa hiyo hubebwa na watu wawili na hukaa vizuri nyuma ya gari la safari au kwenye pikapu.

Kwa nini nihangaike kujitengenezea, ilhali jenereta zinauzwa Kampala kila kona?

Swali hili ni la haki, na jibu lake si lile lile kwa kila mtu. Ikiwa unachotaka ni kuchaji simu na kuwasha balbu mbili, nunua paneli ya sola na uachane na habari za mikanda. Ikiwa unalala kwenye nyumba za wageni zenye umeme, huna haja na lolote kati ya haya. Mtambo huu unamfaa yule anayekwenda Karamoja, Kidepo au Ishasha kwa siku kadhaa, anayepunguza upepo wa matairi kwenye mchanga na matope kisha anataka kuurudisha kabla ya barabara ya lami, na ambaye betri yake ya friji haitoshelezwi na sola siku za mawingu. Jenereta ya dukani hutoa umeme lakini haitoi upepo, na chaja ndogo ya volti 12 inayokuja nayo kwa kawaida hutoa ampea chache mno. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari nayo hutoa upepo, lakini ukiwa na matairi manne makubwa hupata joto na kukulazimisha uipumzishe. Hapa injini moja inafanya kazi zote mbili, na kila kipuri chake kinapatikana kwa wauza vipuri vya magari.

Injini ya ukubwa gani inatosha?

Injini ya silinda moja yenye sentimita za ujazo kati ya 160 na 200, ya aina ile inayotumika kwenye pampu za maji za wakulima, inatosha kabisa. Honda GX160, kwa mfano, ina sentimita za ujazo 163 na hutoa nguvu farasi 4.8 kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na zipo nyingi zilizoigwa kwa vipimo hivyo hivyo ambazo hutumia bolti zile zile za kufungia.

Usisahau mwinuko wa nchi yetu, Uganda. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo asilimia 12 imeshaondoka kabla hujawasha. Kabale, kwenye mita 2,000, hasara inafika asilimia 20, na nguvu farasi zako 4.8 zimekuwa pungufu ya 4. Ndiyo maana sishauri injini ndogo zaidi ya hapo, hata kama mahesabu ya kitabuni yanakubali.

Je, naweza kuchaji betri na kujaza upepo kwa wakati mmoja?

Panga mtambo wako kana kwamba haiwezekani. Alteneta inayotoa ampea 60 kwa volti 14 inatoa wati 840, na kwa kuwa alteneta za kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu zinazopokea kwa joto na msuguano, inadai karibu nguvu farasi 2 kutoka kwenye injini. Kompresa inaposukuma upepo dhidi ya presha kubwa nayo inaweza kudai nguvu farasi 2 au zaidi. Ukijumlisha, huko Kabale injini itakuwa inakoroma kama mtu aliyebebeshwa magunia mawili.

Dawa yake ni swichi mbili: moja inakata umeme wa kuamsha alteneta, nyingine inakata klachi ya kompresa, yaani kile kinachoishikisha kompresa na puli yake. Kazi moja ikiisha ndipo nyingine inaanza. Faida ya pili ni kwamba injini ya kuvuta kamba huwaka kwa urahisi zaidi swichi zote zikiwa zimezimwa, kwa sababu haina mzigo wowote.

Alteneta ipi inafaa, na inaunganishwaje?

Chukua alteneta ya zamani kidogo, ya ampea 50 hadi 80, ambayo kidhibiti chake cha volti kimo ndani yake. Epuka zile za magari mapya ambazo huamriwa na kompyuta ya gari, kwani zikitengwa nayo hazitoi umeme unaotarajiwa. Kwa wauza vipuri wa Ndeeba na maeneo ya Kisekka, jijini Kampala, utapewa nyingi. Omba izungushwe kwenye mashine ya kupimia kabla hujalipa, na sikiliza beringi.

Alteneta nyingi za magari ya Toyota zina bolti moja nene na soketi ya pini tatu zenye herufi. Bolti nene inapeleka umeme kwenye betri. IG inapewa volti 12 kupitia swichi. S inakwenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri ili kidhibiti kijue volti halisi iliyopo pale. L inapitia balbu ndogo ya dashibodi. Balbu hiyo si pambo: unapofungua swichi inawaka, unapoongeza mwendo wa injini inazimika, na kule kuzimika ndiko kunakokuambia kwamba alteneta imeanza kuzalisha. Ikibaki inang'aa kidogo, kama kaa la moto linalofifia, kagua mkanda kwanza, kisha daiodi (vipande vya ndani ya alteneta vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu).

Jambo moja lisilo na mjadala: usiondoe waya wa betri wakati alteneta inafanya kazi. Volti hupanda ghafla kwa kukosa pa kwenda, na daiodi, au kifaa chochote kilichounganishwa wakati huo, huungua kwa kufumba na kufumbua.

Je, kuna tatizo alteneta ikizunguka kinyume?

Umeme utatoka, kwa kuwa daiodi hazijali upande. Feni ndiyo inayojali. Injini nyingi ndogo, ukizitazama kutoka kwenye ncha ya shafti, huzunguka kinyume cha mishale ya saa, ilhali alteneta za magari kwa kawaida zimetengenezwa kuzunguka kufuata mishale ya saa zikitazamwa kutoka kwenye puli. Ukizifunga sambamba, puli zote zikitazama upande mmoja, alteneta itazunguka kinyume na feni yenye mapanga yaliyopinda haitavuta hewa inavyotakiwa. Igeuze alteneta ili puli yake itazame upande wa injini, na tatizo limekwisha bila kununua chochote.

Nichague puli za ukubwa gani?

Alteneta huanza kutoa umeme wa maana ikifika mizunguko 2,000 kwa dakika na kuendelea. Sitaki injini ilie kwa mizunguko 3,600 siku nzima, kwa hiyo mimi huiendesha kwenye 2,700. Puli ya injini ikiwa na kipenyo cha milimita 100 na ya alteneta milimita 60, unazidisha 2,700 kwa 100 na kugawanya kwa 60, unapata 4,500. Hapo ni mahali pazuri. Kwa kompresa ya kiyoyozi yenye puli ya milimita 125, hesabu hiyo hiyo inakupa 2,160.

Kompresa ya kiyoyozi cha gari inafaa kweli kusukuma upepo wa matairi?

Inafaa, lakini ina tabia ambayo wengi huigundua baada ya kuiua. Nyingi ya kompresa hizi hazina bakuli la oili kama injini. Hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi ya kiyoyozi. Ukizilisha hewa tupu, zinafanya kazi vizuri kwa muda, kisha zinakwama. Lazima uweke kidondoshea oili kwenye njia ya kuingizia hewa, na upande wa kutokea uweke kichujio cha kunasa oili hiyo, kwani ukungu wa oili unaoingia kwenye tairi huharibu mpira kutoka ndani. Kompresa za pistoni za York, zilizokuwa kwenye baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya na Marekani, zina bakuli lao la oili na ndizo bora zaidi kwa kazi hii, ila kuipata nzima siku hizi kunahitaji subira.

Kinachozifanya kompresa hizi zipendeze ni klachi yake ya sumaku. Unapeleka umeme wake kupitia swichi ya presha iliyo kwenye tangi: tangi likijaa, umeme unakatika, klachi inaachia, na puli inaendelea kuzunguka bure bila kusukuma chochote. Presha ikishuka, inashika tena kwa mlio mdogo wa "tak".

Njia nyingine, ambayo naipendekeza kwa asiyetaka usumbufu wa oili, ni kununua kichwa cha kompresa cha kuendeshwa kwa mkanda kama kile cha wazibaji pancha wa barabarani. Ni kizito zaidi na hakina klachi, lakini kina oili yake na kimeundwa kwa kazi hiyo hiyo. Gurudumu lake ni kubwa. Likiwa na milimita 300, injini ya 2,700 italizungusha mara 900 kwa dakika, na huo ni mwendo unaolifaa.

Ukiitoa kompresa kwenye gari ambalo kiyoyozi chake bado kinafanya kazi, usiifungue na kuiacha gesi itoke hewani. Gesi ya R134a hupasha dunia joto takriban mara 1,400 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, tena ikitoka kwa kasi inagandisha ngozi. Mafundi wa viyoyozi wana mashine ya kuivuta.

Tangi la upepo nilitoe wapi?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na naomba jibu hili lisomwe lote. Upepo uliobanwa ni kama springi iliyokunjwa: tangi likipasuka, halivuji, linalipuka, na vipande vya chuma havichagui pa kwenda.

Tangi zuri kuliko yote kwa kazi yetu ni lile la breki za upepo la lori. Limetengenezwa kubeba upepo, lina matundu yenye nyuzi tayari, lina sehemu ya kutolea maji chini, na mara nyingi lina kibati kinachoonyesha presha linayoruhusiwa kubeba. Lenye ujazo wa lita 15 hadi 20 linatosha. Ligonge kwa nyundo ndogo pande zote na usikilize: chuma kizima hulia kama kengele, chuma kilicholiwa na kutu hulia kama debe. Usilichomelee popote kwenye mwili wake. Lishikilie kwa mikanda ya chuma yenye raba chini yake.

Usitumie mitungi ya gesi ya viyoyozi, ile iliyopakwa rangi na inayotupwa baada ya kutumika mara moja. Kuta zake ni nyembamba na haikukusudiwa kujazwa tena. Mtungi wa gesi ya kupikia nao siupendi. Ni imara, lakini mabaki ya gesi hubaki ndani hata ukidhani ni mtupu, na yeyote anayeupelekea moto wa kuchomelea anacheza na uhai wake na wa majirani zake.

Kabla ya kulitumia tangi la mitumba, lijaribu kwa maji. Lijaze maji hadi pomoni, hewa yote itoke, kisha lisukume kwa pampu ya mkono ya kupimia mabomba hadi mara moja na nusu ya presha utakayoitumia, uliache kwa nusu saa na uitazame geji. Maji hayabaniki, kwa hiyo tangi bovu litatoa jasho au litachuruzika badala ya kulipuka. Mimi hukata kompresa kwenye psi 100 (psi ni kipimo cha presha kinachoonekana kwenye geji za matairi), kwa hiyo tangi langu lilijaribiwa kwa psi 150.

Vitu vinne havikosekani kwenye tangi: geji, swichi ya presha, koki ya kutolea maji, na vali ya usalama inayofunguka yenyewe kwenye psi 125 hata swichi ya presha ikigoma. Vali hiyo isitenganishwe na tangi kwa koki yoyote. Mwaga maji kila jioni ya safari. Maeneo ya karibu na Ziwa Victoria hewa ina unyevu mwingi, na utashangaa kuona nusu kikombe cha maji yenye rangi ya kutu yakitoka baada ya kazi ya siku moja.

Fremu itengenezweje?

Tumia chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 4. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaifanya kazi hii kwa siku moja ukiwapa mchoro wenye vipimo, na bila mchoro wataifanya pia, lakini kwa vipimo vyao.

Fremu yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa ujanja. Niliona mtikisiko ni adui, nikaweka raba chini ya injini peke yake, alteneta nikaifunga kwenye chuma kitupu. Injini ikawa inacheza, alteneta imetulia, na mkanda katikati ukawa unavutwa na kulegea mara elfu kadhaa kwa dakika. Tulipokuwa tumepita Moroto kuelekea Kotido, nilisikia harufu ya raba iliyoungua. Chini ya puli palikuwa na unga mweusi, laini kama masizi ya karabai, na mkanda ulikuwa umebaki nusu ya upana wake. Fundi mmoja mzee niliyemwonyesha baadaye aliupangusa unga ule kwa kidole, akacheka. "Mzee, hawa wawili ni kama ng'ombe wa jembe moja," akasema. "Ukimfunga mmoja kwenye nira na mwingine umwache arukeruke, unategemea nini?"

Alikuwa na haki. Injini, alteneta na kompresa zifungwe zote kwenye bamba moja gumu la chuma, kisha bamba hilo zima ndilo liwekewe raba chini yake ndani ya fremu ya nje. Nyosha uzi au rula ndefu juu ya nyuso za puli mbili. Ikiwa rula haigusi kingo zote nne, puli hazijanyooka na unga mweusi utauona. Kaza mkanda kiasi kwamba ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya urefu wa milimita 300 unabonyea kama milimita 5. Halafu funika mikanda yote kwa wavu wa chuma. Watoto wa vijijini husogea karibu kutazama mashine yoyote inayonguruma, na kanga au shuka linalopepea halihitaji sekunde mbili kunaswa.

Waya na fyuzi ziwe za ukubwa gani?

Waya kutoka alteneta hadi betri uwe wa milimita za mraba 16 na usizidi mita mbili. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ndiyo yenye uwezo wa kuyeyusha waya, si alteneta.

Betri itajaa kwa muda gani?

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 iliyotumika nusu itapokea umeme mwingi katika saa ya kwanza, kisha itaanza kukataa, na asilimia 20 za mwisho huchukua saa nyingi hata ungekuwa na alteneta ya basi. Kwa hiyo endesha injini saa moja au moja na nusu asubuhi, halafu iachie paneli ndogo ya sola imalizie taratibu. Kuchoma petroli mchana kutwa kwa ajili ya ampea tatu ni hasara. Betri za lithiamu zina kasoro iliyo kinyume: zinapokea kila zinachopewa bila kukataa, hadi alteneta inaungua kwa joto. Ukiwa nayo, weka kifaa cha kupunguza umeme unaoingia.

Naweza kupata umeme wa volti 240?

Ndiyo, kwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, iliyounganishwa kwenye betri. Umeme wa Uganda ni volti 240 na hezi 50, na inveta iwe ya mawimbi safi ikiwa utaitumia kwa kompyuta au kitu chenye mota. Inveta inayotoa wati 500 huvuta karibu ampea 50 kutoka kwenye betri, kwa hiyo nyaya zake ziwe fupi na nene. Pasi, birika na hita ya maji visahau. Na usithubutu kuichomeka kwenye soketi ya nyumba ili "kuwasha nyumba nzima".

Tairi moja hujaa kwa muda gani?

Tairi la ukubwa wa 265/70 R16, likitolewa kutoka psi 20 hadi 36, linahitaji takriban lita 80 za hewa ya kawaida. Kompresa inayotoa lita 150 kwa dakika inalimaliza kwa dakika moja hivi, ukiweka na muda wa kuhangaika na kofia ya vali. Matairi manne ni dakika tano. Pima yakiwa yamepoa, maana tairi lililotoka barabarani husoma zaidi ya ukweli.

Naweza kuuendesha chini ya turubai mvua ikinyesha?

Hapana. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Weka mtambo mita 6 au zaidi kutoka kwenye hema, ekzosi ielekee upepo unakokwenda, na usiuendeshe kamwe ndani ya gari, hata milango ikiwa wazi. Mvua ikija, uzime. Ukitaka kuukinga, tengeneza kipaa cha bati juu ya fremu chenye pande zote nne wazi.

Petroli nibebe kiasi gani?

Injini ya aina hii hutumia chini ya lita moja na nusu kwa saa hata ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa saa moja na nusu kila siku, lita 10 zinakutosha siku tano. Bebea kwenye jerikeni la chuma lenye mpira kwenye kifuniko, na usijaze tangi la injini ikiwa bado ya moto. Kabla ya kuupakia mtambo garini, funga koki ya petroli na uiache injini iendelee hadi ijizime, ili kabureta isibaki na mafuta ya kumwagika kwenye mashimo.

Je, unaruhusiwa kwenye kambi za hifadhi?

Waulize walinzi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda mnapofika, kabla hamjawasha. Kwa uzoefu wangu, nusu saa ya mchana, mbali na mahema ya wengine, haileti ugomvi. Usiku usijaribu.

Vipuri gani nisivikose?

Mikanda miwili ya kila saizi, plagi moja na spana yake, fyuzi tano, balbu ile ndogo ya alteneta, oili ya injini nusu lita na ya kompresa robo lita, mita moja ya mpira wa upepo na vibanio vyake. Namba za mikanda ziandike kwa rangi kwenye fremu yenyewe, kwa herufi kubwa, kwa sababu mkanda ukishakatika na kuunguzwa, namba yake huwa haisomeki tena.